Mgeni wa Mama Agathe

Berea, Durban
12 Februari 2012

Mdogo wangu Lyse,

Pokea salamu zetu, mimi na Diệp, pamoja na joto la huku ambalo ningekutumia kilo mbili kama posta ingekubali. Mwambie Mama akae vizuri na avute blanketi, maneno ni mengi. Najua unamsomea Jumapili baada ya misa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwa simu yeye analia, mimi napaza sauti, kadi inakwisha na hakuna aliyesema kitu.

Basi, wametunyima viza ya kuja huko Ubelgiji. Wote wawili. Tulipanda basi mpaka Pretoria, tumevaa kama watu wanaokwenda ubatizo, Diệp na gauni lake la bluu, mimi na koti la harusi. Dirishani pa ubalozi tukakuta binti mmoja ana sauti nzuri sana. Eish, wenye sauti nzuri ndio wabaya.

Akauliza, "Huyu anayewaalika ni nani wako?"

Nikasema, "Dada yangu."

"Lakini yeye ni Akimana na wewe ni Niyongabo."

"Ndiyo."

"Na mama yenu?"

"Nzeyimana Agathe."

"Baba?"

"Ndayizeye, marehemu."

"Na huyu mke wako ni Trần."

Nikamwambia kwao Vietnam mwanamke akiolewa haachi jina lake. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Bwana, katika familia hii hakuna mtu hata mmoja mwenye jina la mwenzake." Nikamweleza polepole kwamba kwetu Burundi mtoto hapewi jina la baba, anapewa lake mwenyewe siku anayozaliwa, kwa jambo ambalo wazazi walikuwa nalo moyoni. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Sasa mnajuanaje?" akauliza.

Mnajuanaje! Lyse, nilitaka kumwambia tunajuana kwa kugombania ukoko wa ubwali, ugali wa Mama. Diệp akanivuta mkono wa koti. Karatasi waliyotupa inasema undugu haukuthibitishwa.

Sasa fanya hivi. Katafute zile hati za ubatizo wetu, za Bujumbura, zinazoonyesha majina ya baba na mama. Padri Dominiki bado yupo parokiani, hawezi kukataa. Halafu rudi ofisi ya commune yako wakupe prise en charge nyingine, ile barua ya kutudhamini, na uandike kwa mkono wako sisi ni nani kwa nani, hata kama unaona aibu kueleza jambo ambalo mbuzi analijua.

Nakuomba usilegee. Diệp anabeba neno hili kuliko mimi. Unajua mama yake alifariki yeye Diệp akiwa mdogo, na yule mjomba aliyemleta huku kwenye duka lake la kucha pale Pinetown alimkana siku aliposikia anaolewa na mtu mweusi, akafunga duka na kurudi kwao. Tumeoana miaka miwili sasa, na kwa desturi ya Mama yeye bado ni mgeni, mpaka Mama mwenyewe amfanyie gutwikurura, amtoe ndani, ampe mwiko na amwite mwanangu. Nilifanya kosa kumweleza desturi hiyo. Sasa kila nikimwomba aoshe sahani ananijibu, "Mimi ni mgeni, osha wewe." Anacheka akisema hivyo. Lakini Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, aliniuliza kama mtu anaweza kubaki mgeni mpaka afe.

Kwa hiyo shida ni hayo majina tu, na hiyo pasipoti yake ya Vietnam ambayo wanaipekua kama nyama iliyolala. Mimi upande wangu hakuna neno. Mimi ni mwenyeji hapa, wananijua.

Kaka yako,
Pontien

Liège
4 Machi 2012

Kaka Pontien,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa amri ya Mama. Pale pa "mnajuanaje" alicheka mpaka akakohoa, nikampa maji. Alipomaliza maji akakasirika. Amesema niandike hivi: "Mwambie huyo binti kwamba niliwazaa mimi, na nilikuwepo."

Nimefanya ulivyosema, na usidhani ilikuwa rahisi. Commune nilikwenda nikitoka kazini, bado nanuka dawa ya kuoshea sakafu ya wazee ninaowahudumia. Bwana wa pale alitazama majina, akaniuliza kama Pontien ni kaka wa kweli au kaka wa Kiafrika. Nikamuuliza kaka wa Kiafrika yukoje. Akawa mwekundu, akapiga mhuri. Padri Dominiki naye ametuma hati mbili za ubatizo kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Majina ya baba na mama yapo, na saini ya marehemu baba, mzee Barthélemy, ipo, imelala upande kama alivyozoea. Mama aliiona akatoka kwenda jikoni na hakurudi kwa muda. Zote nimekufungia humu pamoja na barua hii. Usizikunje tena.

Habari za huku: Mama ameshanunua mwiko. Alizunguka soko zima akitafuta wa mti, kwa sababu anasema wa plastiki haumpi mtu nyumba. Umewekwa juu ya kabati na hakuna anayeruhusiwa kuugusa, hata mimi ninayepika kila siku. Anajifunza pia kutamka jina la mke wako. Kwa sasa anasema Yepu. Anauliza kama Yepu anakula maharage, kama ana nywele ndefu, na kama ni kweli anasema Kiswahili au wewe unatupambia. Nimemwambia mwanamke anayefanya kazi saluni ya Wakongo atasema Kiswahili apende asipende.

Kitu kimoja, kaka, usinijibu kwa hasira. Umeandika kurasa nzima juu ya pasipoti ya Diệp. Je, karatasi zako wewe? Kibali chako cha ukimbizi kinakwisha lini, na walikuongezea? Mara ya mwisho Mama kukuona ulikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, unapanda gari la mizigo pale Buyenzi na viatu vya baba. Usituambie tu kwamba mambo ni sawa. Tuambie.

Mdogo wako,
Lyse

Berea, Durban
27 Mei 2012

Lyse,

Niko sawa, nimekwambia. Umeniuliza karatasi zangu kama vile mimi ni mtoto wa jana hapa. Sikiliza ya Diệp kwanza.

Hati zako zilifika vizuri, asante, na mshukuru padri. Tulirudi Pretoria. Safari hii habari za majina hazikuwepo kabisa, binti alisoma ile barua yako, akasema, "Ah, interesting." Mwezi mzima wametutesa, halafu interesting. Tukaambiwa turudi siku nyingine, tukarudi, tukapewa majibu yetu kila mtu na bahasha yake.

Mimi nimepewa viza. Diệp wamemnyima.

Wanasema msichana wa kupaka kucha, hana nyumba, hana mtoto, hana kinachomrudisha Durban, akifika huko atabaki. Hana kinachomrudisha! Na mimi ni nini, kabati? Nilitaka kugonga kile kioo. Askari mlangoni alikuwa ananiangalia, nikaona nisimpe kazi. Tumerudi na basi la usiku. Tangu hapo nagombana na kila mtu. Kazini nimegombana na bosi, nimegombana na dereva wa taxi ya Pinetown kwa sababu alifunga mlango kwa nguvu. Immaculée wa kule saluni kwa Diệp ananikwepa, anasema uso wangu unafukuza wateja.

Nimechoka, Lyse. Nimechoka na madirisha. Nimechoka kuambiwa asante kwa subira yako na mtu ambaye ndiye anayenisubirisha. Mtu unakwenda na file nene kama Biblia, wanachukua karatasi moja tu, wanaiangalia kwa sekunde, wanakwambia wewe siye.

Kwa hiyo mwambie Mama siji. Siwezi kumwacha mke wangu peke yake na kuja kula huko mimi. Mwambie hilo la viza ya mke wangu litapata njia yake, tutaomba tena mwakani. Mwiko ukae pale ulipo. Na usinipigie simu juu ya jambo hili, tafadhali, sitaki kulisema kwa mdomo.

Pontien

Liège
24 Juni 2012

Kaka,

Nisamehe, leo siandiki kwa furaha.

Nilimsomea Mama. Alinifanya nirudie pale unaposema viza unayo na huji. Akasema, "Mwanangu ana mlango wazi, amesimama nje." Nikajaribu kukutetea, nikasema ni mapenzi, ni heshima kwa mkewe. Akanijibu kwamba yeye pia alikuwa mke, na baba yetu alikwenda kazi Bukavu miezi sita, na hakuna aliyekufa.

Tangu Jumapili hiyo anasema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwake. Anasema ni mwanamke gani anayemfunga mwanaume miguu asimwone mama yake. Anasema mwanamke mwenye moyo angekwambia, nenda, mimi nitakusubiri. Na jana alipanda kwenye kiti, akatoa mwiko juu ya kabati, akautia kwenye droo ya sufuria pamoja na mingine. Nikamuuliza kwa nini. "Anayenizuilia mtoto wangu simpi nyumba," akasema. Unamjua. Akishasema neno namna hiyo, kulirudisha ni kazi ya mwaka.

Mimi pia sikuelewi. Umepata kitu ambacho watu wanalala nje kukitafuta. Ikiwa Diệp ndiye aliyekwambia usije, basi naomba nimwambie kama wifi yake: hajafanya vizuri. Na ikiwa siye, mbona unamwacha abebe lawama?

Viza yako itakufa ukiiangalia. Njoo, hata wiki moja.

Lyse

Berea, Durban
15 Julai 2012

Wifi Lyse,

Mimi ni Diệp. Barua hii Pontien haijui. Nimeandika mwenyewe, Immaculée amenyoosha maneno kidogo, lakini hasira ni yangu.

Barua yako ya mwezi wa sita niliikuta ndani ya koti lake nilipotaka kulifua. Kiswahili cha kusikia ninacho, cha kusoma kinanisumbua, kwa hiyo niliipeleka saluni. Immaculée akanisomea mbele ya mteja mwenye mikono ndani ya maji. Alipofika pale pa mwiko, aliacha kusoma. Nikamwambia amalize.

Wifi, mimi sijanyimwa viza. Viza yangu iko ndani ya pasipoti yangu, na picha yangu mbaya, na inakufa mwisho wa mwezi wa tisa. Aliyenyimwa ni Pontien.

Nakueleza vile ilivyokuwa. Tulipewa bahasha pale dirishani. Akafungua yangu kwanza, akacheka kwa nguvu, akanibeba juu mbele ya watu, askari pia akacheka. Halafu akafungua yake. Aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya koti. Nilimuuliza nini, akasema twende. Wanasema kibali chake cha ukimbizi kinakaribia kwisha na hakuna anayejua kama kitaongezwa, kwa hiyo akitoka hakuna nchi inayoahidi kumpokea. Mimi nina pasipoti ya kwetu. Hata kama kwetu hawanitaki, pasipoti wanaitambua. Yeye yuko hapa tangu zamani kuliko mimi, anajua kila kona, anaongea Kizulu na mama wauza mahindi, na hana kitu cha kumwonyesha mtu wa dirishani.

Tukapanda basi la usiku. Tuliposimama njiani alininunulia pai, akanipa moto hivyo mkononi, akasema, "Nyumbani nitasema ni wewe." Nikamuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Wakisikia ni wewe, watailaumu ofisi. Wakisikia ni mimi, Mama atajua kwamba miaka yote hii sina hata karatasi." Alikuwa ameniambia zamani kwamba Mama anasema kwa majirani mwanawe ni raia huko Afrika Kusini. Nilimwonea huruma. Nikasema sawa, sema ni mimi. Nilidhani ni neno dogo tu, kama kusema mtu amelala wakati hataki kufungua mlango.

Sasa Mama amenitoa nyumbani kwake kabla sijaingia. Hilo siwezi kulibeba. Mambo mengine ya Pontien nayabeba: hasira yake nabeba, soksi zake nabeba, na kule kuamka kabla ya jua kwenda kusimama foleni ya kibali na kurudi na kuambiwa njoo kesho, nabeba naye. Lakini mimi mama sina. Nilikuwa na huyu mmoja wa kwenye barua, anayetafuta mwiko wa mti sokoni. Sikubali nimpoteze kwa uongo ambao si wangu.

Sikumwambia asije. Nilimwambia kila siku, kama ungepata peke yako ungekwenda, na mimi ningekufungia mzigo. Anawasha redio.

Maharage nakula. Nywele zangu ni ndefu mpaka mgongoni. Mwambie Mama.

Ukimwambia Pontien kwamba nimeandika, atakasirika sana. Mwambie tu.

Wifi yako,
Trần Thị Diệp

Liège
5 Agosti 2012

Wifi yangu Diệp, na wewe kaka Pontien ambaye najua utaisoma hii umesimama,

Ile barua nilimsomea Mama polepole, nikiangalia uso wake. Aliiacha chai ikapoa. Nilidhani amelala. Halafu akaniambia nichukue kalamu, na kwamba nisirekebishe neno lake hata moja. Haya ni yake:

"Pontien. Umenidanganya kama mtoto aliyevunja chungu akamsingizia paka, na paka mwenyewe ni mkeo. Nani alikwambia mimi nataka karatasi? Niliwaambia majirani wewe ni raia kwa sababu mke wa Juvénal alinichosha na watoto wake wa Canada. Nilikuwa nawatambia wao tu. Wewe nilikuwa nakutaka mzima na umekula. Sasa nisikilize. Mke wako aje. Usiseme mpaka tuwe wawili. Tangu lini bibi arusi akaletwa na mume wake? Kwetu bibi arusi analetwa na watu wake, mume anabaki kwake anasubiri. Yeye watu wake hawapo, kwa hiyo Lyse ataenda kumpokea uwanjani kama ndugu wa upande wake, na mimi nitakuwa mlangoni upande wetu. Atapita. Na wewe utasubiri, kama wanaume wote walivyosubiri."

Akamaliza. Kisha akanituma nitoe mwiko kwenye droo, niuoshe, kwa sababu umeshanuka kitunguu.

Kaka, mimi ninakukasirikia, usidhani yamekwisha. Nilimwandikia mke wako maneno mabaya kwa ajili ya uongo wako. Wifi, nisamehe. Tiketi nimeshaongea na watu wa kikundi chetu cha kanisani, tutasaidiana. Lete nguo nzito, hapa wanaita hii kiangazi lakini ni jina tu.

Lyse

Berea, Durban
1 Septemba 2012

Lyse,

Barua hii anakuletea mwenyewe ndani ya mkoba. Nimemkataza kuifungua, bila shaka ameshaifungua.

Nimekasirika, nianze na hilo. Mmepanga wanawake watatu nyuma ya mgongo wangu, na Immaculée wa nne, na mteja mwenye mikono ndani ya maji wa tano. Saluni yote inajua. Gustave wa duka la simu ameniuliza kwa sauti ya pole kama niko salama. Nilimwambia Diệp haendi. Akasema sawa, akaendelea kufunga sanduku. Nikamwambia tena kwa Kiingereza. Akasema sawa. Ndiyo ndoa yangu.

Lakini hasira kubwa siyo yenu. Hii ya kwangu niiseme mara moja, kisha usinirudishe hapo. Nilikuwa na aibu. Nimekaa nchi hii mpaka nimepata mvi, natengeneza magodoro ambayo watu wanalalia, na bado mtu wa dirishani akiniuliza utarudi wapi, nasema Durban, na yeye anatafuta Durban kwenye karatasi yangu haioni. Nilitaka Mama anione nikiingia na mke wangu, siyo mke wangu aingie na habari zangu. Sasa ndivyo ilivyo. Kibali wamenipa miezi mingine, nikaambiwa nirudi. Nitarudi. Sina namna.

Mwangalieni. Maziwa yanamchafua tumbo, asilazimishwe hata Mama akinuna. Msimwulize kama ni Mchina. Anaona baridi lakini hasemi, ukiona amekalia mikono yake ujue. Akicheka sana kwenye meza ya wageni ujue ana hofu. Anaogopa asipendwe, Lyse. Yeye hatawaambia, nawaambia mimi.

Leo tunakwenda uwanja wa ndege na gari la rafiki yetu Prodige. Nikilia pale, Diệp atawaambia, na nyie mtamwambia Mama kwamba ni mafua.

Pontien

Liège
16 Septemba 2012

Pontien, mume wangu,

Nimefika, nimelala, nimekula, nimefanyiwa gutwikurura. Sasa mimi siyo mgeni. Nikirudi utafute neno lingine la kukufanya uoshe sahani.

Lyse alinipokea uwanjani, mwembamba kama wewe, na mkali. Njia nzima aliniomba msamaha mpaka nikamwambia inatosha, anifundishe kusalimia. Kufika, Mama amesimama mlangoni na kitenge cha rangi ya chungwa, na watu wa kanisa nyuma yake wameshika sahani. Nilisahau salamu zote. Nikasema, "Sawubona, Mama." Kizulu, Pontien, kwa Mama yako, Liège. Watu wakacheka. Mama hakucheka, alinishika uso kwa mikono miwili akaugeuza kwenye mwanga, huku na huku, kama mtu anayechagua papai. Akasema, "Kumbe wanaita hii Yepu." Akaniingiza.

Jumamosi ya kwanza walifanya yote. Walinikalisha ndani, wakanifunika, wakaimba kwa Kirundi, nikalia chini ya kitambaa ambapo hakuna aliyeniona, halafu Mama akakifunua mwenyewe. Mwiko ni mzito, ni wa mti kweli. Akanipa mbele ya wote, akasema neno lile, mwanangu, akalirudia, akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia. Nikapika maharage, yakaungua chini, wakayala.

Barua yako nilisoma, ndiyo. Uliandika hukutaka niingie na habari zako. Hizo tu ndizo anazotaka huyu mama. Mchana tukibaki wawili ananihoji kama yule binti wa Pretoria, lakini huyu anangoja majibu. Ananiuliza unatembeaje sasa. Nilinyanyuka nikatembea kama wewe, bega moja mbele kama unagombana na upepo. Akaniambia nirudie. Akauliza unakohoaje, nikakohoa. Unamkasirikiaje mtu, nikamwonyesha unavyowasha redio. Alicheka kwa hilo mpaka akajifuta macho na kitenge, kisha hakuwa anacheka tena.

Sikumwambia ni mafua. Nilimwambia ulilia mpaka Prodige naye akalia.

Jana tulikuwa tunatandika kitanda changu. Akashika pembe moja ya blanketi, nikashika nyingine, akaniuliza bila kuniangalia, "Akilala bado anafunika kichwa, au siku hizi anafunika miguu?" Nikasema kichwa, miguu inabaki nje, hata mwezi wa saba kukiwa na baridi, nimegombana naye nimeshindwa.

Mama akasimama na pembe yake ya blanketi mkononi. Akasema, "Basi ni yeye."

Mke wako,
Diệp